Pepeo za Kijapani na Michezo ya Watoto Wetu

Katika Kiswahili neno moja, kipepeo, lina maana mbili: mdudu yule mzuri arukaye juu ya maua, na chombo cha mkononi cha kupepea. Wazee walioliweka neno hilo hawakukosea, maana vyote viwili hufunguka na kufumba, na vyote viwili huishi kwa upepo. Wajapani nao, walipoanza kutengeneza pepeo za karatasi za kukunja, waliziita kwa jina la popo, kwa sababu ukifunguliwa upepeo wao hufanana na bawa lake. Basi watu wa nchi mbili zilizo mbali sana waliona kitu kilekile, wakakipa jina la kiumbe chenye mabawa.

Upepeo wetu sisi wa Korogwe na Handeni ni wa ukindu au wa miyaa. Husukwa kama mkeka, hutiwa kijiti cha kushikia, na kazi yake kubwa ni kuchochea makaa jikoni, kumpepea mgonjwa, na kufukuza nzi. Rangi huwamo, nyekundu na zambarau na kijani, wala msukaji mwema hakosi kupanga mistari yake kwa hesabu. Lakini sura ya mtu haimo. Upepeo wa Kijapani ni wa namna nyingine. Ni karatasi iliyobandikwa juu ya vijiti vyembamba vya mwanzi, nayo karatasi ile huchorwa kwa wino na rangi, mara nyingine na dhahabu. Na katika mambo mengi yaliyochorwa humo limo moja linalotupasa sisi walimu kulitazama vizuri, nalo ni watoto wachezao. Nia ya maneno haya ni kuzipima picha hizo: zina uzuri gani, zina upungufu gani, na sisi tunaoandika desturi za watoto wa nchi hii tutajifunza nini kwazo.

Upepeo wa kukunja ni kazi ya Wajapani wenyewe. Katika hekalu la Tō-ji mjini Kyoto ulikutwa mmoja wa vibao vya mbao ndani ya mkono wa sanamu, nao umeandikwa mwaka ulio sawa na 877. Kisha zikaja za karatasi, zikapelekwa Uchina kuwa zawadi, na baadaye zikafika Ulaya. Kuzichora kulikuwa kazi ya duka na ya ushindani. Mwaka 1539 Kanō Motonobu, mkuu wa nyumba ya wachoraji iliyodumu karne nyingi, pamoja na mwenye duka la pepeo, walipeleka ombi kwa serikali ya shogun ili wasio na ruhusa wazuiwe kuifanya kazi hiyo. Na Tawaraya Sōtatsu, ambaye wengi humhesabu katika wachoraji wakubwa kabisa wa Japani, alianza katika duka la pepeo mwanzoni mwa karne ya 17. Basi tusidhani ya kuwa kitu hiki ni kidogo kwa sababu hushikwa kwa vidole.

Tena umbo lake ni gumu kwa mchoraji. Halina pembe nne kama ubao; ni upinde, mpana juu na mwembamba chini. Halina sakafu ya kusimamisha watu wala katikati ya kumweka mfalme. Zaidi ya hayo karatasi ina mikunjo, na mkunjo ukipita katika uso wa mtu humharibu. Mchoraji atakaye kuweka jambo moja kubwa mahali pamoja hupata taabu. Lakini watoto wachezao hawana mahali pamoja. Huyu yuko huku anakimbia, wale wawili wameinama kule, mwingine amekaa peke yake analia. Upinde wa upepeo ni kama kilima kidogo nyuma ya nyumba, na watoto hutawanyika juu yake kama watawanyikavyo kweli wakati wa jioni. Na mwenye upepeo anapoufungua polepole, mtoto wa kwanza hutokea, kisha wa pili, kisha wote. Anapoufunga, hutoweka mmoja mmoja kana kwamba mama zao wamewaita ndani. Katika jambo hili picha na chombo vimepatana, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya pepeo hizi. Atakayezitazama zimenyoshwa juu ya kadi, kama zilivyo nyingi katika nyumba za makumbusho, amekosa nusu ya uzuri wake.

Sasa tuwatazame watoto wenyewe. Wengi wao huitwa karako, maana yake watoto wa Kichina. Hujulikana kwa nguo zao pana na kwa vichwa vyao, maana vimenyolewa na kuachwa vishungi, kimoja utosini au viwili pembeni. Mtu wa pwani akiviona atasema mara moja, “Huyu amekatwa denge,” kwa kuwa nasi tulikuwa na desturi ya kuwanyoa watoto hivyo. Wamepanda farasi wa fimbo, wanapiga ngoma na kubeba bendera kama askari, wanapiganisha majogoo, wanarusha tiara, wanasukuma mpira wa theluji. Ni picha za furaha, na rangi zake huchangamsha macho.

Lakini mtazamaji akiziangalia nyingi, moja baada ya moja, huanza kuona kasoro. Mashavu ya watoto wote ni sawa. Jogoo wa upepeo huu ni jogoo wa upepeo ule. Mtoto amrushaye tiara, mara nyingi huwezi kujua uzi ameushika kwa mkono gani, wala upepo unatoka wapi. Sababu yake si siri. Tangu mwaka 1635 Wajapani walikatazwa kutoka nchini kwao kwa zaidi ya miaka 200, hata wachoraji waliowachora watoto wa Kichina kwa wakati huo wote hawakuwaona watoto hao hata siku moja. Katika nyumba ya Kanō mwanafunzi alijifunza kwa kunakili vielelezo vya mwalimu wake, na mwalimu alikuwa amenakili vya mwalimu wake, hata kufika kwenye picha za kale zilizoletwa kutoka Uchina. Walijua sana kuchora, ila walikuwa wakichora picha za picha. Na huku nje ya dirisha, katika njia za Kyoto, watoto wa Kijapani walikuwa wakicheza michezo yao wenyewe.

Ili tuhukumu kwa haki yatupasa kuwa na mizani. Mimi napendekeza hii: picha njema ya mchezo ni ile ambayo mtoto asiyeujua mchezo huo akiitazama anaweza kuondoka akaucheza, au walau akajaribu. Mfano mzuri upo katika asili yenyewe ya picha hizi. Su Hanchen, Mchina wa karne ya 12, alichora dada na mdogo wake wamesimama uani penye kigoda, na picha hiyo husemwa ni yake, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Taipei. Juu ya kigoda pana kichezeo cha kunazi. Kunazi moja imekatwa nusu ya nyama yake hata kokwa ikatokeza ncha, ikasimamishwa juu ya vijiti vitatu. Juu ya ncha hiyo umewekwa uchane mwembamba wa mwanzi wenye kunazi ndogo huku na huku, nao huzungushwa pasipo kuanguka. Watoto hawatutazami sisi, macho yao yote yako kwenye kokwa. Imepita miaka mia nane na zaidi, lakini mtoto wa Mombo au wa Mazinde mwenye mkunazi jirani na kisu kidogo anaweza kukitengeneza kichezeo hicho leo. Mchoraji huyu alisimama akatazama, akahesabu vijiti. Pepeo za karako ni wajukuu wa picha kama hiyo, lakini katika kurithishwa mkono kwa mkono nguo na vishungi vimebaki, na kokwa ya kunazi imepotea.

Hapa mtu aweza kunijibu, na jibu lake lina nguvu. Atasema, “Unamlaumu mchoraji kwa kazi asiyoikusudia. Karako hakuchorwa ili afundishe mchezo. Alichorwa kuwa dua.” Ndivyo ilivyo. Katika Uchina na Japani picha ya watoto wengi, hasa ile iitwayo ya watoto mia, ilikuwa heri na matakwa mema ya uzazi. Anayempa bibi arusi kitu chenye watoto wale anamtakia nyumba yenye kelele.

Nasi tusilicheke jambo hili, maana tunalo kwetu. Wazaramo na jirani zao, Wakwere na Wadoe na Wazigua, walikuwa na mwana hiti, kijinyago cha mti kisicho mikono wala miguu, chenye kichwa na nywele zilizopangwa kwa uzuri, ambacho mwali alikilea ndani kama mtoto ili apate uzazi. Aliyechonga mwana hiti hakutaka kuonyesha mtoto anavyotambaa. Alitaka mtoto azaliwe. Na atakayesema kwamba matakwa hayo ni mepesi na aikumbuke historia ya Uzigua. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 watu wa nchi hii, pamoja na watoto wao, walitoka kwenda pwani kutafuta chakula, wakaangukia mikononi mwa wafanya biashara wa watumwa, wakapelekwa mpaka Somalia. Wazao wao walikaa kando ya mto Juba, wakakishika Kizigua pasipo kitabu, mama kwa mtoto. Na baada ya vita vya mwaka 1991 baadhi yao walirudi Handeni, wakakaa Mkuyu na baadaye Chogo. Nchi iliyowahi kuona watoto wakipotea namna hiyo yajua kwa nini mtu huchora watoto mia, wote wazima, wote wanene, wala hajali kama nyuso zao ni sawa. Dua haihitaji sura ya mtoto mmoja.

Kwa hiyo silaumu karako kwa kuwa ni dua. Nasema tu ya kwamba dua ni jambo moja na ushuhuda ni jambo jingine, na anayetaka kujua watoto walicheza nini asiende kuuliza kwenye dua. Kuna na namna ya tatu, nayo ni somo. Mwaka 1944 Hans Cory alichapisha maelezo ya vinyago vya udongo vya Wanguu, watu wa milima ya magharibi ya Handeni, katika upande ambao tangu mwaka 2002 ni wilaya ya Kilindi. Vinyago hivyo huonyeshwa wanaotiwa unyagoni, na kila kimoja kina wimbo wake na fundisho lake. Ni hazina kubwa, wala hakuna ajuaye mila asiyeiheshimu. Ila navyo ni vya wazee: sura imefanywa kwa ajili ya maneno yatakayosemwa juu yake. Siku hiyohiyo, penye udongo uleule, mtoto wa kijiji hufinyanga ng’ombe wake, humpa pembe kubwa kuliko miguu, humfungia zizi la vijiti, na jioni humwacha mvua ikamyeyushe. Ng’ombe huyu hana wimbo wala fundisho. Ndiye mchezo wenyewe, na ndiye ambaye hakuna mtu aliyemwandika.

Wajapani walipata kuamka katika jambo hili. Wachoraji wa picha za kupigwa chapa za mbao, waliouza kwa watu wa kawaida, waliwageukia watoto wa njia zao wenyewe. Miyagawa Shuntei, aliyezaliwa mwaka 1873, alitoa karibu na mwaka 1896 mfululizo wa picha za desturi za watoto. Humo mpiga pia ameinama kama apasavyo mpiga pia kuinama, na msichana anatazama mkono wake na si mtazamaji. Karibu na zama hizo Japani ilikuwa ikibadilika upesi, watoto wakiingia shule za namna mpya, na yeye akachora kama mtu ajuaye kwamba anavyoviona havitakaa. Ulaya nako yupo Pieter Bruegel, ambaye mwaka 1560 alijaza ubao mmoja kwa michezo zaidi ya 80. Wataalamu waliokuja karne nyingi baadaye waliweza kuitaja mmoja mmoja kwa majina, kwa sababu tu alichora magoti na vidole kama vilivyokuwa. Hakuna fundisho lililowasaidia kuitambua. Ni magoti.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo neno langu linapofika. Tangu kale walimu na wapenzi wa lugha wamekusanya hadithi za nchi hii, mithali, vitendawili, majina ya miti na maneno ya tambiko. Ni kazi njema sana. Lakini ukitafuta michezo ya watoto katika maandiko hayo, mara nyingi utakuta mistari miwili: “Watoto hupenda kucheza michezo mingi. Mchezo huu hufundisha umoja na utii.” Msomaji hakuambiwa watoto ni wangapi, wamesimama wapi, wanashika nini, nani huanza, nani hutoka, wala hugombania nini. Mchezo umegeuzwa somo kabla haujaonekana. Tena picha za vitabu vya kusomea watoto zimekuwa mara nyingi kama karako: mtoto mwenye shati safi na mpira wa duka, aliyenakiliwa kutoka kitabu kilichonakiliwa kutoka kitabu. Tumewalaumu Kanō, nasi tuna nyumba ya Kanō yetu.

Nitajaribu kuonyesha kwa mfano mmoja ninachokitaka. Mchezo wa mdako unajulikana sana. Jina lake latoka katika kitenzi kudaka. Watoto wawili au zaidi, mara nyingi wasichana, huketi chini kukizunguka kishimo cha upana wa kitanga cha mkono, chenye vijiwe kumi au zaidi. Wa kwanza hurusha kijiwe kimoja juu. Kabla hakijarudi, mkono uleule hukwangua vijiwe kutoka shimoni kuviweka ukingoni, kisha hugeuka kukidaka kile cha juu. Hukirusha mara ya pili, na sasa huvirudisha vyote shimoni ila kimoja, ambacho ni chake. Akikosa kudaka, au akibakiza viwili nje, zamu imemtoka. Mchezaji hodari hakitazami kijiwe kinapopanda, hulitazama shimo. Macho huinua mwishoni tu. Basi, hayo ni maneno machache, na mtoto wa nchi nyingine akiyasoma atacheza leo jioni. Wajapani wanao ndugu wa mchezo huu, uitwao otedama, wenye vifuko vidogo vya kitambaa vilivyotiwa maharage. Wanao na mchezo ambamo watoto hushikana nyuma ya mmoja aliye mzazi wao, na adui hujaribu kumkamata wa mwisho, ule ambao wengi wetu tuliucheza kwa jina la kuku na mwewe. Hatungaliweza kuulinganisha wa kwao na wa kwetu kama mtu fulani kule hakuandika na kuchora mchezo wenyewe, pasipo haraka ya kuutia fundisho.

Wala tusichague vya kale tu. Mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani si wa kale, maana mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyopona safari. Gari la bati lenye magurudumu ya ndala kuukuu ni jipya zaidi. Lakini mtoto wa kambi ya mkonge pale Korogwe aliyelitengeneza gari hilo, akalitia usukani mrefu wa waya ili alisukume akiwa amesimama, ametumia akili ileile ya yule aliyesimamisha kunazi juu ya kokwa. Huyo ndiye wa kutazamwa. Na tunapomwandika tuweke maneno yake kama ayasemavyo, kwa Kizigua au Kisambaa au Kibondei au Kiswahili, maana katika mchezo mtoto husema lugha ambayo hakuna mkubwa aliyemwambia aiseme. Wale wa mto Juba wametuonyesha kwamba lugha yaweza kuvuka miaka zaidi ya 150 bila karatasi ikiwa iko vinywani mwa watoto. Ikitoka vinywani mwao, karatasi haitairudisha. Ila karatasi iliyoandikwa vema yaweza kumkumbusha mtoto mwingine jinsi ya kucheza, naye akicheza atasema.

Hukumu yangu juu ya pepeo za Kijapani ni hii. Kwa mpango wa picha juu ya umbo gumu, ni kazi ya mabingwa, wala sijui chombo kingine kinachofaa zaidi kuwachukua watoto. Kwa dua yake, tuipokee kwa heshima, kama tunavyoiheshimu mwana hiti. Kwa ushuhuda wa michezo, nyingi zimepungua, kwa kuwa waliozichora waliwatazama walimu wao kuliko kuwatazama watoto. Mwalimu mwenye daftari anayekaa Handeni au Korogwe hana udhuru huo. Saa kumi na moja jioni, kazi ikiisha, na aketi nje ya nyumba yake, asiseme neno, ahesabu vijiwe.